Tulilinda siku ya kuzaa, hatari ikahamia kwenye kunyonyesha

Mtu akijua kwamba mimi ni mkunga, na kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ni akina mama wanaoishi na VVU, swali lake la kwanza huwa la leba. Lazima apasuliwe? Mtoto anapitaje salama kwenye damu yote ile? Simshangai. Nasi tulifundishwa kutazama huko huko, kwa sababu miaka ile naanza kazi kwenye kituo cha afya kando ya Ziwa Victoria, dawa yenyewe ilikuwa ya leba: kidonge kimoja cha nevirapini cha miligramu 200 uchungu ukianza, na mtoto apewe ya maji ndani ya saa 72. Ukishafanya hivyo, umemaliza.

Kidonge kile kilikuwa na heshima yake. Utafiti wa Kampala uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kilipunguza maambukizi kwa karibu nusu kikilinganishwa na AZT, dawa nyingine ya VVU, ya muda mfupi, tena kwa gharama ndogo. Mwaka uliofuata Tanzania ikaanza mpango wa majaribio kwenye hospitali chache kubwa, Bugando ya Mwanza ikiwamo, kisha huduma ikashuka taratibu mpaka ikatufikia sisi wa pembezoni. Tuliwapa akina mama kidonge chao mapema, waende nacho nyumbani. Wengi walikifunga kwenye pindo la khanga. Baadhi yao walijifungulia kwenye kambi za wavuvi kwa mkunga wa jadi kidonge kikiwa bado pindoni, maana kukimeza mbele ya mama mkwe kungezua maswali. Na waliokimeza walibaki na tatizo jingine: nevirapini hukawia kutoka mwilini, na ikiwa peke yake virusi hupata nafasi ya kuizoea. Mama mwenyewe, akishazaa, hakuwa na chochote. ARV za bure, yaani dawa za kufubaza virusi, zilianza kutolewa nchini mwaka 2004, lakini kwa muda mrefu zilikuwa za hospitali kubwa na za wale ambao kinga yao ilikuwa imeshaporomoka. Ukiniuliza mimi, tulimchukulia mama kama mfuko wa kumbebea mtoto.

Halafu ikaja habari ya maziwa. Bila dawa yoyote, katika watoto 100 wa akina mama wenye VVU, kati ya 15 na 45 huambukizwa, na sehemu nzuri ya hao hupatia kwenye kunyonya. Kwa hiyo tukawa tunawasomea akina mama masharti ya maziwa ya kopo: yakubalike nyumbani, yawezekane, uyamudu, yapatikane bila kukatika, yawe salama. Niliyasoma masharti hayo kwa wanawake wanaochota maji ya ziwa pale pale zinapooshwa ndoo za dagaa. Mwalo mzima, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kopo la maziwa lilikuwa na maana moja tu, kwamba mama ana VVU, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hivyo mwanamke alinunua kopo moja kwa ajili ya kuturidhisha sisi, akampa mtoto maziwa hayo mchana, usiku akamnyonyesha mbele ya ndugu ili wasihoji.

Huko ndiko kulikokuwa na hatari kubwa zaidi. Watafiti wa Durban walishaonyesha mwaka 1999 kwamba mtoto anayenyonya tu, bila maji wala uji, yuko salama kuliko anayechanganyiwa. Na Botswana, iliyokuwa inagawa maziwa ya kopo bure na ikisifiwa kila mahali, ilipopata mafuriko mwanzoni mwa 2006 watoto wengi walikufa kwa kuhara, na waliokufa walikuwa hasa wale wasionyonya. Habari ile ilipotufikia, ushauri wetu ukageuka. Miezi sita ya kwanza, titi peke yake. Si maji, si dawa ya chango, si kijiko cha uji cha bibi.

Na bibi mwenyewe si adui, niseme hilo mapema. Nimeona wauguzi wadogo wakimsimulia mama mkwe kama jini. Bibi anampa mtoto uji kwa sababu mtoto analia na yeye amelea saba. Nilipoanza kuwaalika akina bibi wenyewe kliniki, bila kutaja ugonjwa wa mtu, nikiwaambia tu kwamba tumbo la mtoto wa miezi miwili bado laini na uji unalichubua, wengi wakawa walinzi wakali kuliko mimi. Mmoja alimfukuza jirani aliyeleta maji ya kunywesha mtoto, akamwambia, "Nesi amekataza, na mimi nimekataza."

Mwaka 2013 mambo yakabadilika kwa kweli. Ulikuja utaratibu wa B+, kwamba kila mjamzito au anayenyonyesha akikutwa na VVU aanze ARV papo hapo, bila kusubiri CD4, kipimo cha nguvu ya kinga ya mwili, na aendelee maisha yake yote. Tena dawa aanzishiwe na sisi wauguzi kwenye kliniki ya mama na mtoto. Miaka michache baadaye, kuanzia 2019, tukahamia kwenye kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Wanaokumbuka efavirenzi, dawa iliyotangulia, watakwambia tofauti: ndoto za kutisha zimekwisha, kizunguzungu cha asubuhi kimekwisha, na virusi vinashuka upesi. Kwa mama anayekuja kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi saba, huo upesi ndio kila kitu.

Hapa kati kulikuwa na kisa kinachoniudhi hadi leo. Mwaka 2018 takwimu za mwanzo kutoka Botswana zilitia hofu kwamba dolutegraviri ikitumiwa wakati mimba inatungwa huenda inaharibu uti wa mgongo wa mtoto. Tahadhari ilikuwa haki. Lakini kwa muda mrefu wanaume walipewa dawa bora na wanawake wa umri wa kuzaa wakaambiwa wabaki na ya zamani, au waonyeshe kwanza kwamba wanatumia uzazi wa mpango. Data zilipoongezeka, hofu ile ikayeyuka. Wanawake wangu wengi hawakuwahi kuelezwa sababu ya kucheleweshwa.

Kidonge kimoja kwa siku kinasikika rahisi. Mjamzito, hata hivyo, ana vidonge vya kuongeza damu pia, na madini ya chuma hushikana na dolutegraviri tumboni ikashindwa kuingia kwenye damu vizuri. Ameze vyote pamoja na chakula, au ARV itangulie kwa muda wa saa mbili, au ije saa sita baada ya vile vya damu. Mimi nimeacha kutaja saa. Nawaambia: sahani ikiwa mbele yako, meza vyote. Jambo la pili ni mlio. Vidonge kwenye chupa vinalia, na kwenye nyumba ya mabati ya chumba kimoja kila mtu anausikia. Wanawake wanajaza pamba ndani ya chupa, au wanahamishia vidonge kwenye mfuko wa nailoni ndani ya debe la unga. Nikiona mgonjwa karudi na chupa tupu safi mno, isiyo hata na mkwaruzo, najua vidonge vinaishi mahali pengine, na namuuliza kwa upole kama mahali hapo pana unyevu.

Basi dawa ikawa nzuri. Leba ikaacha kuwa uwanja wa vita. Mama ambaye wingi wa virusi umeshuka hadi havionekani anazaa kawaida kama wengine, na maswali ya upasuaji kwake hayana tofauti na ya jirani yake wa kitanda cha pili. Tukaanza kupumua. Na ni wakati huo tunapumua ndipo watoto wenye maambukizi walipoanza kutokea upande ambao hatukuwa tunautazama.

Nitamsimulia mmoja. Mama yake alikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, mimba ya kwanza, alikuja mapema na mwenza wake kama tunavyohimiza. Walipimwa wote wawili, hawana maambukizi. Kadi ikaandikwa vizuri. Mtoto akazaliwa na uzito mzuri, akapata chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mstari wake kwenye kadi ukipanda. Mume alikuwa mvuvi wa dagaa, na dagaa hufuatwa: leo kambi hii, kesho kisiwa kingine. Mtoto alipofika miezi saba mstari ukalala. Ukaja utando mweupe mdomoni, akapewa dawa, ukarudi. Ikaja nimonia. Nyumbani walishapata jibu lao, kwamba wazazi wamembemenda mtoto, yaani wamekutana kabla hajakua, na lawama yote ikamwangukia mama. Alipoletwa kwangu alikuwa ameshanyweshwa mizizi ya kila aina, na binti yule hainui macho.

Nikampima yeye kwanza. Mistari miwili, yaani ana VVU. Alirudia kuniambia, bila hasira, "Lakini sista, mimi nilishapimwa." Alikuwa sahihi. Alipimwa kweli, mara moja, mimba ikiwa na miezi mitatu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa kidole tena, kwa sababu kadi yake ilikuwa safi.

Mtu anapoambukizwa kwa mara ya kwanza, wiki za mwanzo virusi hujaa mwilini kuliko wakati wowote, na kama ananyonyesha, maziwa nayo yanajaa. Mama aliyekuwa na VVU tangu zamani na anameza dawa ni salama mbali kabisa kuliko huyu mwenye kadi safi. Utafiti mkubwa wa PROMISE ulionyesha kwamba mama akiwa kwenye ARV, hatari ya kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha ilikuwa asilimia 0.3 kwa miezi sita na 0.6 kwa mwaka mzima. Si sifuri, na sijawahi kumwambia mama kwamba ni sifuri, lakini angalia ilivyo ndogo. Leo nikikutana na mtoto mwenye maambukizi, karibu kila mara mama yake ni wa aina mbili: ama aliambukizwa baada ya kipimo chetu cha kwanza, ama alikuwa kwenye dawa akaiacha mtoto akiwa mkononi. Ndiyo maana siku hizi tunamrudia mjamzito karibu na kujifungua, na tunamrudia anaponyonyesha, na mwanamke ambaye mume wake anazunguka makambini naye anaweza kupewa dawa ya kumkinga kabla hajaambukizwa. Ni tenofoviri hiyo hiyo, na mimba au kunyonyesha si kizuizi.

Mtoto yule tulichukua tone la damu kwenye karatasi likaenda maabara, lakini kwa hali yake dawa haikusubiri. Bila tiba, theluthi ya watoto walioambukizwa hufa kabla ya kufikisha mwaka mmoja, na nusu yao hufa kabla ya kufikisha miwili. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema, hata mtoto akionekana mzima, kunapunguza vifo kwa asilimia 76. Zamani tungempa lopinaviri ya maji, chungu kiasi kwamba mtoto anaitema usoni kwako, na inataka ubaridi ambao kambi haina. Siku hizi kuna kidonge kidogo cha dolutegraviri cha miligramu 10 kinachoyeyuka kwenye maji, kitamu kidogo. Yuko hai, na ni mtundu wa kuvunja vyombo.

Kwa wachanga ambao mama yao anajulikana, kazi ni nyepesi kuielezea na ngumu kuifanya. Mtoto wa kilo mbili na nusu au zaidi anapata nevirapini ya maji mililita moja na nusu kila siku kwa wiki sita. Ikiwa mama ameanza dawa chini ya wiki nne kabla ya kuzaa, au virusi vyake bado viko juu, mtoto anaongezewa AZT, na muda unakuwa wiki 12. Mililita moja na nusu kwenye bomba dogo, taa ya kibatari, mama haoni namba. WAVIU mshauri wetu, yaani mtu anayeishi na VVU anayewashauri wenzake, mwanamke ambaye naye amelea watoto wawili kwa njia hii, ndiye aliyekuja na rangi ya kucha: anapiga mstari mwekundu pale panapotakiwa, mama anavuta hadi kwenye wekundu. Vitabu vyangu havina hiyo. Kuanzia wiki ya 6 mtoto anaanza na septrini ya kumkinga na nimonia mbaya inayoua wachanga wenye VVU, na haiachwi mpaka tuwe na uhakika kwamba hana maambukizi.

Kuna mgonjwa mwingine niliyejifunza kwake zaidi ya semina zote. Mimba miezi saba, kichwa kinamuuma siku nyingi. Mkunga yeyote akisikia hivyo mkono unakwenda kwenye mashine ya presha. Presha nzuri. Mkojo hauna protini. Malaria hakuna. Taratibu akafunguka kwamba aliwahi kuwa kwenye dawa mkoa mwingine, akaziacha alipomwachisha mtoto wa kwanza, kwa sababu aliolewa upya na hakumwambia mume. CD4 yake ilikuwa chini ya 100. Kweli mimba huishusha CD4 kidogo kwa vile damu huongezeka maji, lakini haiishushi hivyo. Kwa mtu mwenye CD4 chini ya 200 kuna vitu viwili vya kutafuta kabla hata hajaketi vizuri: kifua kikuu, na fangasi wa kriptokokasi ambaye hupenda utando wa ubongo. Kipimo cha damu kikasema fangasi yupo.

Kila kitu nilichokuwa nimefundishwa juu ya mjamzito kiliniambia mpe ARV leo, mtoto yuko njiani. Na kila kitu kinachojulikana juu ya homa ya uti wa mgongo ya fangasi huyo kinasema subiri wiki nne hadi sita, tibu fangasi kwanza, kwa sababu kinga ikirudi ghafla inapigana ndani ya fuvu na mgonjwa anaweza kufa kwa kupona kwake. Daktari wa hospitali ya rufaa alinieleza kwa simu bila kuzunguka: mama akifa hakuna mtoto. Wakatibu fangasi, ARV zikaanza baadaye, na wiki chache tu baada ya hapo akajifungua. Mtoto akapata dawa mbili kwa wiki 12 na kupimwa siku ile ile aliyozaliwa, kisha tena na tena. Hakuambukizwa.

Tangu hapo nawaonya wagonjwa wenye kinga ya chini, na ndugu zao kama wanajua, kwamba wiki za kwanza za dawa zinaweza kuwa mbaya. Tezi zinavimba, homa inapanda, kifua kikuu kilichojificha kinajitokeza. Mtaani wanasema dawa zimemmaliza, na mgonjwa anaacha. Nikiwa nimemwambia kabla, anarudi kwangu badala ya kukimbilia kwingine. Na nikimkuta na kifua kikuu, dolutegraviri yake inaongezwa iwe asubuhi na jioni, maana rifampisini huifukuza mwilini haraka.

Ziwa nalo limenifundisha kupanga tarehe kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikishakuwa kubwa wavuvi hupumzika, wanawake wanaokausha dagaa nao wanapata nafasi. Ukimpangia mama tarehe ya katikati ya giza, hatakuja, na kwenye daftari ataandikwa mtoro. Nampangia kwenye mbalamwezi, nampa dawa za miezi ya kutosha kama virusi vyake vimeshuka, na nachukua namba ya simu ya mtu mmoja anayemwamini.

Waume hawaji wote. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2019 kuruhusu mtu kujipima mwenyewe, mlango mdogo ulifunguka: mke anarudi na kipimo cha mate, anakiweka mezani, anasema kliniki wamewapa wote. Wapo wanaokataa, na wapo ambao kipimo hicho kimeleta ugomvi, kwa hiyo kabla ya kumpa mwanamke namuuliza kama anaogopa kupigwa. Akisita kujibu, simpi, tunatafuta njia nyingine.

Kinachonishughulisha sasa ni foleni ya chanjo. Wiki ya 6 mtoto anakuja, miezi tisa anakuja kwa surua, miezi 18 anarudi. Tarehe hizo ndizo za kumpima mtoto wa mama mwenye VVU, cha mwisho kikiwa miezi mitatu baada ya kuachishwa kama alinyonya kupita hapo. Basi hapo hapo nimeanza kuwapima upya akina mama wenye kadi safi, wote waliokubali, bila kuchagua, ili asiyekaa benchi la kupimwa awe ndiye anayeonekana tofauti. Wenzangu wawili wanalalamika kwamba foleni inafika nje ya geti, na wana haki, siku ya surua tunatoka giza likiingia. Vipimo navyo havitoshi kila mwezi. Vikipungua naanza na wale waliopimwa mara moja tu, na wale ambao nikiwauliza mume yuko wapi wanataja jina la kisiwa.